Mwenye kompyuta awepo diski inapofutwa

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa teknolojia msomaji mmoja aliuliza afanye nini na kompyuta yake iliyokuwa nzito kupita kiasi, akajibiwa kwa sentensi moja kwamba aifomati, yaani afute vilivyomo kwenye diski, na kupiga Windows upya. Jibu hilo limenikera. Si la uongo, maana kusakinisha mfumo upya mara nyingine ndiyo dawa yenyewe, lakini limeruka yote yanayotokea kati ya kuamua na kubonyeza, na hapo ndipo watu wanapopotezewa vitu vyao. Mimi ni fundi wa kompyuta kwa miaka mingi. Watu niliowaona wakitokwa machozi mbele ya meza yangu hawakuwa wakililia mashine iliyoungua. Walikuwa wakililia diski iliyofutwa na mtu aliyekuwa anawasaidia.

Ninaandika kuomba jambo moja: diski ya mtu isigawanywe wala kufutwa akiwa hayupo, na akiwepo aelezwe anachokiona kwenye skrini mpaka aelewe.

Suala hili ni la sasa hivi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai mashine yenye UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta), kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na diski ya angalau GB 64. Kwa hiyo kompyuta nyingi zinapigwa mfumo mpya; nyingine zinaingia Windows 11, nyingine zisizokidhi masharti zinahamishiwa Linux, mfumo mwingine usio Windows. Zote, zikipigwa kuanzia mwanzo, zinapita kwenye hatua ileile ya kuchagua diski.

Lakini kwanza huo uzito. Kompyuta inaweza kuwa nzito kwa sababu nyingi, na kufomati kunatibu chache tu. Kama C, sehemu ya diski yenye Windows, imejaa mpaka zimebaki GB mbili tatu, kuisafisha kunatosha. Kama programu chungu nzima zinajiwasha zenyewe kila inapowaka, zizimwe. Kama diski ni ile ya kuzunguka, yenye sahani ndani, kuibadilisha kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kutaleta nafuu ambayo Windows mpya haiwezi kuleta. Na kama diski inakufa, kuifomati ni kuimalizia. Kila diski hutunza kumbukumbu za afya yake, zinazoitwa SMART, na kuna programu za bure za kuzisoma. Mimi huangalia kwanza idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika ambavyo diski imelazimika kuviwekea mbadala. Namba hiyo ikiwa inapanda, hakuna mjadala wa kufomati: nakili kilichomo haraka, kisha weka diski nyingine. Fundi anayefomati bila kuisoma anafanya kazi akiwa amefumba macho.

Tuseme basi imeonekana kweli inahitaji kupigwa upya. Nikimuuliza mtu kuna nini cha kuhifadhi, jibu la kawaida ni kwamba hana kitu cha maana, picha chache tu, na ziko D, sehemu ya pili ya diski. Huwa sikubali jibu hilo. Namwomba akae, tunafungua pamoja. Vilivyotapakaa kwenye desktopu viko C. Folda ya nyaraka iko C. Vilivyopakuliwa kutoka intaneti viko C, na huko ndiko vilikolala vyeti na barua ambazo mtu hakuwahi kuzihamisha. Nywila alizozihifadhi kwenye kivinjari ziko C. Anayetumia Outlook kwa namna ya zamani, barua pepe zake zote zinaweza kuwa ndani ya faili moja linaloishia na pst, ambalo hajawahi kuliona. Programu nyingi za hesabu na za stoo huweka data zake kwenye folda ya programu yenyewe, mahali ambapo mtumiaji hana sababu ya kwenda. Nimeona mtu ananakili folda ya nyaraka kwa uangalifu wote huku vitabu vya hesabu vya miaka kadhaa vimeachwa nyuma.

Kunakili nako kuna mtego wake. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Mtu ana flashi yenye nafasi ya GB 20, video yake ya GB 6 inakataliwa kwamba ni kubwa mno, anadhani video ndiyo mbovu, anairuka na kuendelea. Flashi hiyo ingefomatiwa kwanza kwa exFAT, mtindo mpya zaidi, ikiwa bado tupu, video ingeingia. Ukimaliza kunakili, yafungue baadhi ya mafaili kwenye kompyuta nyingine. Kuona majina yake kwenye orodha hakutoshi.

Kuna pia kufuli ambalo wengi hawajui kama wanalo. Laptopu nyingi za siku hizi huja diski yake ikiwa imesimbwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloifanya diski isisomeke bila ufunguo, bila mwenyewe kuombwa ruhusa kwa maneno anayoyaelewa. Ukibadilisha mipangilio ya kuwasha mashine ili isome flashi, inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha, namba yenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptopu kwa mara ya kwanza, na akaunti yenyewe huenda ilifunguliwa na ndugu au na aliyemuuzia. Utafutwe na uandikwe kabla ya kugusa chochote, maana bila ufunguo huo data ya diski hiyo haisomeki, hata kwa fundi hodari. Wakati huohuo shusha draiva ya Wi-Fi, programu inayoiwezesha Wi-Fi ya mashine kufanya kazi, uiweke kwenye flashi, usije ukamaliza kusakinisha ukawa na Windows safi isiyoweza kuingia intaneti kuitafuta draiva yake. Leseni kwa kawaida isikutie hofu. Kwenye mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, ufunguo wa leseni uko kwenye bodi, si kwenye diski.

Sasa hiyo skrini. Ukishawasha kompyuta kwa flashi, ukachagua lugha, ukakubali masharti na ukachagua kusakinisha upya, unafikishwa kwenye orodha fupi. Hakuna C wala D hapo. Kuna Diski 0, na patisheni zake, yaani sehemu zilizogawanywa: ya 1, ya 2, ya 3, na mbele ya kila moja ukubwa wake, nafasi iliyobaki na aina yake. Kwenye mashine ya kisasa utaona mstari mdogo wa MB 100 au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo patisheni ya kuwashia, nayo ni FAT32. Kuna wa MB 16 ambao Windows imejitengea. Kuna mkubwa wenye mfumo wenyewe. Mara nyingi kuna wa MB mia kadhaa wa kurekebishia mfumo ukiharibika, na kama diski iligawanywa, upo mwingine mkubwa ambao mwenyewe anaujua kwa jina la D. Diski iliyoandikwa GB 500 kwenye lebo yake utaiona ni 465, kwa sababu mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Hakuna kilichoibwa.

Hapo ndipo ninapomwita mwenye kompyuta asogeze kiti. Mimi naona mistari miwili, mmoja wa 237 na mwingine wa 228, inayofanana kama mapacha. Yeye anajua kwamba D yake ilikuwa imejaa pomoni na C ilikuwa imebaki na nafasi ya kutosha. Tunasoma safu ya nafasi iliyobaki, tunaoanisha na anachokikumbuka, na mmoja kati ya mistari ile unatambulika kuwa ndiyo D. Kuna njia nzuri zaidi, inayofanywa mapema Windows ya zamani ikiwa bado inawaka: ipe D jina lako, liwe MASOMO, PICHA au lolote lile. Jina hilo kwa kawaida hutokea kwenye orodha ya usakinishaji pembeni ya namba ya patisheni, na hakuna tena wa kubahatisha.

Chini ya orodha kuna vitufe, na wengi huvitumia kana kwamba vinafanya kazi moja. Cha kufomati kinaondoa vilivyomo ndani ya patisheni moja na kuiacha patisheni mahali pake. Cha kufuta kinaondoa patisheni yenyewe na mipaka yake, kisha mahali pale panaandikwa kuwa ni nafasi isiyogawiwa. Vyote viwili vinatoa onyo mara moja tu, nalo watu wamezoea kulikubali bila kulisoma. Kama kuna diski mbili ndani ya mashine, mimi huichomoa ile isiyohusika kabla ya kuanza. Sababu si woga tu wa kufuta isiyotakiwa. Windows inaweza kusakinishwa kwenye diski moja na mafaili yake ya kuwashia yakawekwa kwenye patisheni ya kuwashia iliyoko kwenye diski nyingine. Siku diski ile ya pili ikitolewa, mashine haiwaki, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Niseme kisa cha mwalimu mmoja wa sekondari. Alimpelekea mtu laptopu yake iwekwe Windows 11. Akaambiwa asihofu, kazi zake ziko D na D haiguswi. Akamwachia akaondoka. Diski ile ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa MBR, ambao umekuwepo tangu PC DOS 2.0 ya mwaka 1983: unaruhusu patisheni kuu nne tu, na kwa sekta za kawaida za baiti 512 hauvuki TB 2. Windows 11 inataka UEFI, na kwenye UEFI kisakinishi hukubali diski ya mtindo mpya zaidi, wa GPT, pekee. Basi ukatokea ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu jedwali lake la patisheni ni la MBR. Yule mtu alifanya ambacho wengi wangekifanya: alifuta patisheni zote, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki nafasi moja tupu, akabonyeza endelea. Ujumbe ukatoweka, Windows ikaingia vizuri. D nayo ilikuwa imekwenda na zote.

Huyo mtu hakudanganya aliposema D haiguswi. Aliamini hivyo mpaka alipokutana na ujumbe ule, na mwenye diski hakuwepo kuulizwa. Kilichoniumiza ni kwamba njia ilikuwepo. Tangu mwaka 2017 Windows 10 inakuja na kifaa kidogo kiitwacho mbr2gpt, kinachobadilisha jedwali la MBR kuwa la GPT bila kufuta mafaili, ilimradi patisheni zisizidi tatu na zote ziwe kuu. Diski ya mwalimu ilikuwa na tatu, na Windows yake ya zamani ilikuwa bado inawaka. Hata bila kifaa hicho, kunakili D kwenye diski ya nje kungechukua jioni moja.

Aliponiletea alikuwa ameshaitumia laptopu kwa wiki kadhaa na kuijaza vitu vipya. Patisheni mpya ilikuwa imefunika diski yote. TestDisk, programu inayotafuta alama za patisheni zilizofutwa, iliiona D ya zamani lakini haikuweza kuifungua, maana sehemu ya orodha yake ya mafaili ilikuwa imefunikwa na maandishi mapya. Ikabidi nitumie PhotoRec, ambayo haijali majina wala folda. Inapekua sekta baada ya sekta ikitafuta mwanzo wa nyaraka na wa picha. Tulirudishiwa mafaili mengi yenye majina ya herufi f ikifuatwa na namba ndefu. Mtihani wa kidato cha pili, barua ya mkopo, picha ya mtoto na nembo iliyotoka kwenye tovuti fulani, vyote vimechanganywa ndani ya folda moja. Mwalimu alikuwa akifungua moja moja, anasoma mstari wa kwanza, anaipa jina. Baadhi zilifunguka nusu, nyingine zikagoma kabisa.

Na hiyo ilikuwa diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, nisingekuwa na cha kumrudishia. SSD ikishaambiwa na mfumo kwamba eneo fulani halina kazi tena, kwa amri iitwayo TRIM, hulisafisha yenyewe kimyakimya, na Windows hutoa amri hiyo hata katika fomati ya haraka. Kwa hiyo ukigundua umefutiwa, zima mashine. Usipakue programu ya kuokoa data ukaiweka kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa. Unaandika juu ya unachokitafuta.

Watu huniuliza wagawanye vipi. Naona ushauri wa C ya GB 50 na kilichobaki D unazunguka mpaka leo, na ni ushauri wa zama zilizopita. Windows pamoja na masasisho yake na programu chache huijaza C ya namna hiyo, kisha mtu anarudi kulekule kwenye uzito na kuambiwa afomati tena. Kwenye SSD ya GB 256 mimi sigawanyi kabisa. Kwenye diski ya TB 1 huipa C GB 200 au zaidi. Anayehamia Linux namshauri atenge patisheni ya mfumo na nyingine ya home, inayobeba vitu vyake. Siku akitaka kuweka toleo jipya ataweka alama ya kufomati kwenye ile ya mfumo peke yake, na ya home ataiunganisha bila kuifomati. Huo ni mgawanyo wenye faida ya kweli. Kama unapunguza patisheni ili upate nafasi ya Linux pembeni ya Windows, ipunguze kwa kutumia Windows yenyewe, na laptopu iwe kwenye chaji.

Lakini hata ukigawanya kwa ustadi gani, D si nakala ya akiba. C na D ziko kwenye kifaa kimoja, kinachotumia umeme mmoja na kinachoweza kuanguka, kuibiwa au kufa mara moja. Nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwa watu makini kabisa, wenye folda zilizopangwa kwa mwaka na kwa mwezi, zote zikiwa D na hazipo kwingine kokote.

Upande wa pili wa jambo hili ni anayetaka vitu vifutike na havifutiki. Fomati ya haraka kwenye diski ya kuzunguka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. PhotoRec iliyomsaidia mwalimu itamsaidia vilevile mgeni atakayeinunua diski yako. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi MIT huko Marekani, walichapisha matokeo ya kukagua diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu, na ndani ya nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za malipo. Anayeuza au kugawa kompyuta yenye diski ya kuzunguka afomati kwa kuondoa alama ya fomati ya haraka. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri kwenye patisheni yote. Inachukua saa nyingi, na mtu avumilie. Kwa SSD itumike amri ya kufuta kabisa inayotolewa na mtengenezaji wake, ambayo mara nyingi ipo kwenye programu yake au kwenye mipangilio ya UEFI.

Mhariri, naomba ukurasa wenu ulirudie swali lile na kulijibu kwa nafasi linayostahili, hata kama ni kwa kupunguza habari za simu mpya. Kwa mafundi wenzangu, naomba tuwe na karatasi ya mapokezi. Iandikwe mashine ina diski ngapi, za ukubwa gani, MBR au GPT, SMART inasemaje, ufunguo wa BitLocker upo au haupo, patisheni zipi zitafutwa na zipi zitabaki. Mwenyewe aisome na kuweka sahihi kabla flashi haijachomekwa. Ukikutana na ujumbe usiokuwa kwenye makubaliano, mpigie simu. Kama hapatikani, zima mashine umngoje. Na ukimbadilishia diski, ile ya zamani mrudishie mkononi, hata kama imekufa.

Wenu,
Fundi wa kompyuta, msomaji wa gazeti hili